Neno Lisilotaka Shahidi

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mengine yote ya lugha hiyo, nalo ni obviously. Alitufundisha neno hilo tukiwa kidato cha pili, mara baada ya uji, saa ambayo nusu ya darasa huwa inasinzia. Alichora duara ubaoni, akalizungushia mistari ya miale, akauliza, "Hiki nini?"

"Jua, Mwalimu."

"Jua likiwaka, unahitaji shahidi wa kukwambia limewaka?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi hiyo ndiyo obviously. Ni kielezi. Kinawekwa mbele ya jambo ambalo mtu mwenye macho na akili haulizi. Akiuliza, kasoro ni yake."

Baadaye nimelitafuta neno hilo katika kila kamusi iliyopita mkononi mwangu. Habari ya jua ni sahihi. Habari ya kasoro haimo, hiyo aliiongeza mwenyewe, na ndiyo tuliyoishika.

Msichana mmoja aliyekuwa akikaa dirishani, Zuhura, alinyoosha mkono siku ile ile. "Mwalimu, kama jambo liko wazi, kwa nini mtu alitangaze?"

Mpaka leo sijasikia swali zuri kuliko hilo kuhusu neno lile. Mwalimu alifunika kalamu yake, akasema, "Obviously unataka kufyeka." Zuhura akafyeka majani ya nyuma ya vyoo, na darasa likawa limeelewa matumizi.

Mwalimu alikuwa mwembamba, mwenye mashati ya mikono mirefu yaliyopigwa pasi mpaka mabega yakawa na makali. Alitembea na mwavuli kiangazi na masika. Shikamoo aliipokea, lakini ukimwamkia huku unatembea alikusimamisha uianze upya. Nyumba yake ilikuwa Kitomanga, kando ya barabara, na barazani pake palikuwa na kiti kimoja tu, maana aliamini mgeni akipewa kiti hukaa.

Siku za mapumziko alishuka Mchinga kununua samaki, na wavuvi walimsubiri kama watu wanaosubiri ngoma. Hakuwahi kuuliza samaki amevuliwa lini. Yeye aliwaambia. Siku moja alisimama mbele ya kapu la changu, akamwonyesha mmoja kwa ncha ya mwavuli. "Huyu, obviously, ni wa jana."

Yule changu akapiga mkia, akaruka kutoka kapuni, akaangukia kiatu chake.

"Mwalimu," mvuvi akasema, "wa jana huyo anakuamkia."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Mwalimu alipangusa kiatu, akanunua samaki mwingine kabisa, wa jana kweli, na akaondoka nyuso zetu zote zikiwa hazimhusu.

Kwa kuwa niliishi karibu naye miaka mingi, kama mwanafunzi na baadaye kama jirani niliyekuwa nikirudi likizo, nilianza kumsikiliza kwa utaratibu. Kwa jambo alilolijua kweli, kama tahajia au tarehe za mitihani, alilitamka neno lake kwa sauti ya chini, karibu kwa adabu. Kwa jambo asilolijua alilipandishia sauti, na jambo lenyewe likawa limekwisha. Injini ya mashine ya kusaga ilipozima, alisema obviously ni plagi. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Mbuzi wa jirani alipopotea, obviously ameibwa na wapita njia, na mbuzi akakutwa amelala nyuma ya nyumba ya Mwalimu mwenyewe, kivulini. Hakuona haya. Neno lake lilikuwa limeshafanya kazi yake, yaani kufunga mdomo wa anayesikiliza, na yaliyotokea baadaye hayakulihusu.

Namna ya tatu ya kulitumia nilichelewa kuitambua. Nitaifikia.

Harusini ndiko alikong'aa. Kwa kuwa alikuwa msomi, tena mwenye sauti, familia nyingi za upande ule zilimweka awe msemaji. Alisimama, akakohoa, akaanza kwa Kiarabu kidogo, akapita Kiswahili, akamalizia Kiingereza, ambako hakuna aliyeweza kumfuata. Nakumbuka harusi ya kijana mmoja fundi redio. Mwalimu alisema, "Bwana harusi wetu, obviously, ni kijana mtulivu asiyezijua starehe za dunia."

Kutoka upande wa wanawake, nyuma ya pazia, sauti ikajibu, "Anazijua, Mwalimu, tena kwa majina!"

Neno lenyewe likazoeleka. Likatoka shuleni, likaingia sokoni na mashambani, likawa obviasli. Ukimsikia mtu wa Kitomanga anasema obviasli, ujue ana hasira au hana hoja. "Obviasli wewe ndiye uliyelegeza kamba." "Obviasli mumeo yuko Lindi kwa yule mwanamke." Bibi mmoja muuza vitumbua, asiyejua neno jingine lolote la Kiingereza, alilitumia kwa wateja wanaolalamika kwamba vitumbua vimepungua ukubwa. Alilitumia sawasawa kama Mwalimu alivyofundisha.

Na bado mtu yule yule, jioni, aliwafundisha bure watoto walioshindwa mtihani. Aliwachemshia muhogo. Mtoto akikosea sentensi moja mara kumi, Mwalimu aliirudia mara kumi bila kupandisha sauti, na neno lake hakulitamka hata mara moja. Nilimuuliza mbona hawa hawaambii obviously. Akaniambia, "Hawa hawaoni bado." Kisha akakasirika kwamba nimemsikia.

Maneno mawili hakuwa nayo kabisa: labda na sijui. Labda aliiita kitanda cha wavivu. Sijui hakuipa hata jina.

Jambo jingine alilolipiga vita lilikuwa pombe. Kila mahafali, mbele ya wazazi, alisema ulevi obviously ni upumbavu wa mchana kweupe. Msimu wa mabibo, wakati mashamba yote ya ndani yananuka tunda la mkorosho lililoiva, na uraka, pombe ya mabibo hayo, unatengenezwa kwenye kila kichaka kinachoficha pipa, Mwalimu aliongeza ukali. Msimu huo huo alikuwa na kifua. Alisema anakula mabibo kama dawa ya kifua, na harufu ikija tusishangae. Hatukushangaa. Tulihesabu kwamba kifua kile kilianza na mabibo na kupona yalipokwisha, lakini nani angemwambia?

Sasa nifike kwa shangazi yangu Somoe, maana bila yeye Mwalimu angebaki kichekesho tu.

Shangazi aliolewa mke wa pili na mkulima wa korosho wa kule kule Kitomanga. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine. Mume wake, akiwa mzima, alimpa hiba sehemu ya mikorosho, ile ya upande wa mashariki, iwe yake aiokote mwenyewe. Hakuna karatasi. Watu waliosikia walikuwa wawili, na mmoja wao alitangulia kufa kabla ya mume mwenyewe. Mume alipofariki, mtoto wa mke mkubwa, Bakari, alisema hajui hiba yoyote, mikorosho yote iingie kwenye mirathi. Hapo shangazi angeambulia thumuni ya mjane, na mzee wa umri wake hapandi mikorosho mipya akangoja izae.

Bakari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto, na mikorosho ile aliipulizia dawa ya salfa kwa mkono wake kila mwaka. Alisoma kwa Mwalimu pia. Alisema tu, kwa sauti ya upole, "Mama mdogo alete shahidi."

Shangazi akasema shahidi yupo. Mwalimu.

Kesi ikaenda baraza la kata. Siku hizi baraza husuluhisha tu, halihukumu, lakini anayelipuuza kwetu huwa hapati mtu wa kumkopesha hata jembe. Wajumbe walikaa kwenye veranda ya ofisi: mwenyekiti, ambaye ni mzee mpole mwenye kofia ya viua, sheikh wa msikiti wa jirani, na Bibi Mwanaidi, mkunga wa zamani aliyewazalisha nusu ya waliohudhuria. Uwanja ulijaa. Mwalimu alifika na mwavuli, akaukunja polepole.

"Karibu, Mwalimu," mwenyekiti akasema. "Tueleze unachokijua."

"Waheshimiwa wajumbe. Mikorosho ile ni ya Bi Somoe. Obviously."

"Umejuaje?"

"Marehemu alimpa."

"Ulikuwepo?"

"Obviously."

"Wapi?"

Mwalimu alitazama juu ya vichwa vya watu. "Katika mazingira husika."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akasogeza kofia. "Mazingira husika ndiyo wapi? Nyumbani? Shambani? Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunabadilishana mawazo."

Bakari akainua mkono. "Mzee mwenyekiti, kwa heshima zote. Mwalimu wangu huyu na baba yangu walikuwa hawaamkiani. Tangu baba alipokataa kuchangia darasa. Kwetu Mwalimu hakuwahi kukanyaga, wala baba hakukanyaga kwake. Walibadilishana mawazo kwa njia gani? Ya simu?"

Uwanja ukacheka waziwazi. Mwenyekiti akauliza tena, akauliza kwa njia nyingine, akauliza kama mtu anayemsaidia mtoto kuvuka mfereji. Kila alipofika mahali pa kusema nilikaa hapa, niliona hivi, Mwalimu aliweka neno lake, kama mtu anayefunga mlango na kuegemea. Na hapo ndipo nilipoitambua ile namna ya tatu: alilitumia pia kwa jambo alilolijua vizuri sana na asiloweza kulisema.

Bibi Mwanaidi alichoka. "Mwalimu, hapa si ubaoni. Kila mtu hapa ana macho na akili, na hatujaona kitu."

Adhana ya adhuhuri ikawaokoa. Mwenyekiti akasema tukirudi, kama shahidi hana la ziada, baraza litamshauri Bi Somoe akubali mirathi.

Wakati watu wanatawadha, shangazi alimfuata Mwalimu nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa upande wa pili nikijaza ndoo, na hawakupunguza sauti.

"Mwalimu, nimekusitiri. Nimekusitiri mpaka kwa mume wa mwanangu. Sijakudai shukrani."

"Somoe, unanitaka nini?"

"Useme ulichokiona."

"Nimesema."

"Umesema Kizungu."

"Unataka nivuliwe nguo mbele ya wanafunzi wangu? Mbele ya sheikh?"

"Na mimi navuliwa mikorosho. Wewe ukivuliwa utavaa nyingine."

Aliondoka, akaenda kuswali. Mwalimu alibaki amesimama, bomba linatiririka juu ya mkono mmoja tu.

Baraza liliporudi hakungoja kuitwa. Alisimama bila mwavuli. "Nilikuwa nakunywa uraka," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nadhani watu walikuwa wanasubiri kielezi, na hakikuja.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Chini ya mkorosho wenye kichuguu. Msimu wa mabibo, siku ya soko, kwa sababu siku ya soko watu wako barabarani na hawanioni nikikatiza porini. Nilikuwa na bakuli mkononi. Bi Somoe akaja na chakula, ugali wa muhogo na kisamvu. Marehemu akamwambia, Somoe, kuanzia hapa kwenye kichuguu kwenda mashariki mpaka kwenye mananasi, mikorosho hii nimekupa. Uokote mwenyewe, usimgawie mtu. Bi Somoe akatua chungu. Akasema, hilo neno lirudie mbele ya watu. Marehemu akanionyesha mimi na mwenzangu, Mungu amrehemu, akasema, watu hawa hapa, wanakunywa lakini masikio wanayo. Akarudia. Bi Somoe akachukua panga, akachanja alama mti wa kwanza. Nikasema nimesikia. Nimemaliza."

Sheikh alikuwa anatikisa kichwa tangu mwanzo. "Astaghfirullah. Kuna mambo mawili hapa. La kwanza, hiba ya mlevi haina nguvu. Marehemu alikuwa katika hali gani?"

"Marehemu alikuwa hanywi," Mwalimu akajibu. "Marehemu alikuwa anauza."

Sauti ilipita uwanjani kama upepo kwenye majani makavu. Watu wote waligeuka kumtazama Bakari. Bakari alitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kusema, "Uongo huo, baba yangu hakuwa muuza uraka." Lakini mtu aliyekamua mabibo ujana wake wote ana shida ya kulisema hilo mbele ya waliomwona amebeba mapipa. Ndivyo ilivyojulikana kwa nini watu wawili wasioamkiana walikuwa wakionana kila msimu. Muuzaji na mteja hawana haja ya kuamkiana.

Mwenyekiti, akitaka kuhakikisha, akauliza, "Kichuguu hicho ni kile kilicho karibu na pipa la bluu?"

"Mwenyekiti," Bibi Mwanaidi akasema, "pipa la bluu Mwalimu hajalitaja."

Kicheko kilichofuata kilidumu mpaka mwenyekiti akavua kofia, akajipepea, akavaa tena. Sheikh akasubiri, kisha akaleta jambo la pili: ushahidi wa mnywaji una kasoro.

"Sheikh," Bibi Mwanaidi akamjibu, "tukiwatoa wote waliopita pale msimu wa mabibo, leo hapa tutabaki mimi na wewe na mbuzi. Mimi naamini mtu anayejitia aibu hatungi. Anayetunga hujipamba."

Walikwenda shambani wote. Alama ya panga ilikuwepo, imefunga na kunenepa kama kovu la zamani. Baraza likasema mikorosho ya mashariki ni ya Somoe, na Bakari, mbele ya watu wale wote, akasema amesikia.

Ningependa kuandika kwamba Kitomanga ilimheshimu Mwalimu zaidi baada ya hapo. Watoto walimwita Mazingira Husika. Wazee ambao walikuwa wakikaa naye kwenye vichuguu vile vile walishtuka kuliko wote, wakasema hawakutegemea. Fundi redio, yule wa starehe, alisema mtu kama yule hawezi kusimamishwa mbele ya watu wenye adabu. Kamati ya maulidi ilimtoa kwenye orodha ya wazungumzaji, na harusi zikatafuta msemaji mwingine, kijana mmoja aliyejifunza kusema kutokana na matangazo ya biashara. Shangazi alimpelekea Mwalimu korosho za kukaanga mwisho wa msimu. Alizipokea dirishani.

Mara ya mwisho kumtembelea ilikuwa mwaka huu. Alikuwa amezeeka shingoni. Kiti barazani bado kilikuwa kimoja, akaniacha nisimame, akaanza kumchambua msemaji mpya wa harusi. Hajui kuvuta pumzi. Anawaita wazazi wa bibi harusi wadau. Nilimwachia aseme. Nilikuwa nimekuja kwa sababu shangazi alinipigia simu akiwa na hofu: Bakari anazunguka kwa watu akisema Mwalimu alitunga yale maneno ya baraza kwa kumwonea huruma mjane, na akipata kauli ya Mwalimu tu atakwenda Lindi kwenye baraza la ardhi kuanza upya.

Kabla sijamaliza kumweleza, pikipiki ikasimama. Bakari akashuka, akaamkia vizuri, akiwa amesimama. Alikuwa na mjumbe wa kamati ya maulidi.

"Mwalimu wangu, sikuja kwa shari," akasema. "Watu wanaumia wakikuona umekaa hapa. Sote tunajua wewe si mnywaji. Ulimsaidia mama mdogo, ni utu. Sema hilo tu mbele ya kamati, kwamba ulitunga kwa nia njema. Mambo yanarudi kama zamani."

Mjumbe akaongeza, "Maulidi ya mwezi ujao hatujapata mzungumzaji."

Mwalimu alipapasa kifungo cha shati, kile cha juu kabisa, ambacho tangu nimjue hakikuwahi kufunguliwa.

"Nitazungumza peke yangu?" akauliza. "Au mtaniweka baada ya watoto?"

"Peke yako, Mwalimu. Wa mwisho."

"Na Kiingereza?"

"Kidogo hakikatazwi."

Niliona jinsi alivyolipima. Sisemi kwa kukisia, macho yake yalikwenda mbali, midomo ikaanza kusogea kidogo kidogo, mtu anayepanga hotuba. Nilitaka kumkumbusha habari ya shangazi, nikashindwa pa kuanzia. Kisha midomo ikatulia. Alimtazama Bakari kama alivyokuwa akiwatazama wale watoto wa muhogo, waliokosea sentensi moja mara kumi.

"Nilikunywa, Bakari," akasema. "Na baba yako alikuwa akinipunja. Bakuli lake lilikuwa na kitako kinene."

Mjumbe wa kamati alivuta kofia yake chini. Bakari alifungua mdomo kujibu, akaufunga, na kabla hajajizuia, akacheka, kwa pua tu, kicheko cha mtu anayelijua bakuli lenyewe. Akamwashia mjumbe pikipiki, wakaenda zao. Mwalimu akafungua kile kifungo cha juu, akaniambia nikamwambie Somoe aokote mapema mwaka huu, mvua iko karibu.